Thamostati Haitupwi: Kurasa za Shajara, Lamu 2025

Jumanne, 14 Januari. Lamu mjini

Mwezi umetimia jana, maji ni ya bamvua. Tulitoka Mtangawanda saa moja asubuhi na abiria na magunia ya nazi, tukauwahi mkondo wa Mkanda kabla haujakauka. Tulipotokea upande wa Mokowe, king'ora cha mashini kikalia, na mizunguko ikashuka yenyewe. Nikazima, tukatia nanga. Abiria wakanyamaza, mama mmoja akawa anavuta uradi kimyakimya. Tukangoja chuma kipoe, kisha tukaja polepole mpaka gatini.

Kinachoninyima usingizi ni hiki: tundu la mkojo, pale maji ya kupoza yanapotokea nje, lilikuwa likitoa maji kwa nguvu mpaka dakika ya mwisho. Maji yanatoka, na bado mashini inaungua.

Visiwani kwetu mashini ya boti ndiyo basi, ndiyo lori, ndiyo gari la wagonjwa. Mja mzito wa Siyu au Faza anayekimbizwa Hospitali ya King Fahd anategemea chuma hiki kisizime katikati ya mkondo. Kwa hiyo sitaki kubahatisha. Kuanzia leo naandika kila hatua, na mpwa wangu aliye kidato cha tatu atakuwa nami. Akishika kazi hii leo, haitampotea.

Jumatano, 15 Januari

Boti tumeiegesha ufukoni maji yalipotoka. Tumekwenda kwa utaratibu, kutoka chini kwenda juu, njia ileile ya maji.

Kwanza wavu wa mguuni, maji yanapoingilia. Mkanda una tope la mikoko, na siku hizi kuna mifuko ya plastiki. Tumekuta matope kidogo tu, hayatoshi kuziba. Pili impela, ile pangaboi ya mpira inayosukuma maji juu. Ilibadilishwa kaskazi ilipoanza, na mabawa yake bado yanarudi ukiyakunja. Basi pampu ni nzima.

Mpwa wangu akauliza, "Mjomba, kama pampu ni nzima na mkojo unatoka, joto latoka wapi?"

Swali lake ndilo lenyewe. Katika mashini hii, maji ya mkojo huchotwa kabla hayajafika kwenye thamostati, ile vali inayofunguka kwa joto. Kwa hiyo mkojo unathibitisha jambo moja tu, kwamba pampu inavuta. Hausemi lolote kuhusu kinachoendelea juu, kwenye kichwa cha silinda. Mabaharia wengi huutazama mkojo, wakaridhika, na juu kule gasketi ya hedi inaiva. Hii nataka aikariri: mkojo ni shahidi wa pampu, si shahidi wa mashini nzima.

Imebaki thamostati, au njia za maji ndani ya kichwa zimeziba kwa chumvi. Kesho kutwa tunafungua.

Ijumaa, 17 Januari

Baada ya swala ya Ijumaa tumeondoa kava na kukifikia kifuniko cha thamostati. Bolti ni za chuma cha pua, mwili wa mashini ni wa alumini, na baina yao kuna maji ya bahari. Metali mbili tofauti zikikutana ndani ya maji ya chumvi, ile dhaifu huliwa. Hapa inayoliwa ni alumini, inageuka unga mweupe unaoishika bolti kama saruji. Ndiyo maana mashini hutiwa vipande vya zinki: zinki ni dhaifu zaidi ya alumini, huliwa yenyewe ili mashini ibaki. Zinki ya kwetu imekwisha nusu. Itabadilishwa pamoja na kazi hii.

Nilikuwa nimezimiminia bolti mafuta ya kulainisha kutu tangu usiku. Leo tumegonga kichwa cha kila bolti kwa nyundo ndogo, tukaikaza kidogo sana kwanza ili kuvunja ule mshiko, ndipo tukailegeza. Robo mzunguko mbele, nusu robo nyuma, mafuta tena. Kijana akataka kuvisha bomba kwenye mpini wa spana apate nguvu. Nikamwambia, "Mwanangu, bolti ikikatikia humu, kazi ya nyumbani imekwisha, itabidi mashini ipande lori." Akaliweka bomba chini. Zote zimetoka salama.

Ndani tumekuta chokaa ngumu ya rangi ya kijivu imeuzunguka mdomo wa vali. Vali imeng'ang'ana palepale, imefunga. Tumeitoa na kuitia ndani ya kopo la siki.

Nimeikwangua chokaa ile kwa ukucha nikiwaza ilivyofika hapo. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa kila lita, na chokaa imo ndani yake pia. Maji yanapopata moto sana, chokaa huachana na maji na kuganda kwenye chuma. Ndiyo sababu thamostati ya mashini ya boti hufunguka mapema kuliko ya gari. Ya kwetu imepigwa chapa ya 60, na za baadhi ya mashini za mipigo miwili hufunguka kwenye 50 hivi. Injini ya gari huzungusha maji yaleyale yenye dawa, hivyo inaweza kukaa nyuzi 80 na kitu bila kuganda chokaa. Sisi tunavuta bahari mpya kila sekunde, na bahari haikubali kuchemshwa.

Jumamosi, 18 Januari

Leo tumepima jikoni kwa dada. Sufuria ya maji, jiko la makaa, na kipimajoto cha kupikia nilichonunua Mombasa. (Cha homa hakifai, huishia nyuzi 42.) Thamostati haitakiwi kugusa chini ya sufuria, kwa maana chuma cha sufuria kina joto kuliko maji na kitadanganya. Tumeitundika kwa mshipi wa kuvulia, na mshipi wenyewe tumeubana ndani ya mdomo wa vali. Vali ikifunguka, thamostati inauachia mshipi na kuanguka. Hapo hapo unasoma joto.

Maji yakafika 60. Ikabaki inaning'inia. 70, inaning'inia. 80, mpaka maji yalipoanza kutokota. Haikuanguka.

Kijana akauliza ndani yake mna nini, hamna waya wala betri. Nikamweleza: mna kikopo kidogo kilichojazwa nta ya parafini. Nta baridi ni ngumu, nta ikiyeyuka hutanuka, na kutanuka kwake kunasukuma kijiti kinachofungua vali. Ikipoa hujikunyata, na springi inaifunga vali. Mbinu hii ya nta aliibuni Sergius Vernet huko Marekani katika miaka ya 1930, na mpaka leo ndiyo iliyomo katika magari mengi na mashini nyingi za boti. Ni kifaa chenye akili yake chenyewe: ni bawabu anayejua saa ya kufungua mlango na saa ya kuufunga, bila kuamriwa na mtu.

Siki imeondoa chokaa, lakini hata ikiwa safi haifunguki. Kijiti kimekwama ndani. Hii ni ya kubadilisha.

Jirani aliyepita akatoa ushauri ninaousikia kila gati: "Itupe tu, nchi hii ni ya joto. Hiyo ni ya Wazungu wa kwenye theluji." Alisema kwa nia njema, na nimemshukuru. Lakini sitamfuata, na sababu nitaiandika nikiwa na nafasi.

Jumatatu, 20 Januari

Kifurushi kimefika kwa basi la Mombasa mpaka Mokowe, kikavuka na boti ya jioni: thamostati mpya, gasketi yake, na zinki. Kabla ya kufunga tumeitia sufuriani nayo. Mpya haimaanishi nzima, na duka liko mbali. Mshipi umeachia maji yalipopita 60 kidogo, na kufika 70 vali ilikuwa wazi kabisa. Tukaitoa, ikafunga taratibu. Hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Jumatano, 22 Januari

Maji mafu, bahari shwari, siku nzuri ya kujaribu.

Kazi yote ilikuwa usafi. Gasketi ya zamani tumeikwangua kwa ukingo wa plastiki, si kwa kisu, maana alumini ikichorwa maji yatapata njia. Tundu za bolti tumezisafisha kwa brashi ya waya. Njia za maji zinazoonekana tumezichokoa kwa waya laini, tukazisukutua kwa maji ya kisima. Gasketi mpya imekaa kavu, bila kupakwa silikoni. Silikoni ikizidi hujitenga vipandevipande na kwenda kuziba kulekule tulikotoka. Bolti zimepakwa grisi ya baharini ili atakayefungua baadaye asitaabike. Tumezikaza kwa kupokezana, huku na kule, kwa nguvu ya mkono wa kawaida.

Tumekwenda mpaka kwenye lango la Shela na kurudi, kwanza polepole, kisha kwa kasi. King'ora kimya. Nimeshika kichwa cha silinda baada ya kuzima: kina moto unaovumilika kwa muda mfupi, kama inavyopaswa.

Jumapili, 2 Februari. Mokowe

Shemeji amenialika chakula cha mchana, na baada ya kula akanionyesha gari lake, Toyota Probox analopakia mizigo na abiria njia ya Hindi na Witu. Analalamika linakunywa petroli, na geji ya joto haifiki katikati hata akiendesha mpaka Garsen. "Shemeji, si ni vizuri? Halichemki."

Nimelisikiliza, nikagusa paipu ya chini ya rejeta mara tu injini ilipowashwa. Ndani ya muda mfupi maji yalikuwa tayari yakizunguka humo. Injini yenye thamostati nzima huiacha paipu hiyo baridi mpaka injini ipate moto. Nikamuuliza. Akakumbuka kwamba kuna gereji ilimtolea "kidude fulani" ili gari lisichemke.

Basi sababu niliyoahidi ni hii. Joto la Lamu mwezi wa Februari ni nyuzi 30 na kitu. Thamostati ya Probox hufunguka kati ya 80 na 84. Baina ya hewa ya Mokowe na joto linalotakiwa na injini kuna nyuzi 50 hivi, na hizo hazitoki juani. Injini iko baridi kila asubuhi, Mokowe kama London. Tofauti yetu na wa kwenye theluji ni dakika chache tu za kupata moto.

Injini inayokaa baridi, kompyuta yake hudhani ndiyo kwanza imewashwa, ikaendelea kumwaga petroli ya ziada. Petroli isiyoungua huosha oili kwenye kuta za silinda na kushuka chini kuichafua. Mvuke wa maji unaozaliwa na mwako haupati joto la kuufukuza, unachanganyika na oili, inakuwa ute. Pete na silinda zinakulana. Yote hayo hayaonekani kwenye geji. Yanaonekana kwenye mfuko kwanza, na baadaye kwenye moshi wa samawati.

Na kuna ajabu nyingine: kuitoa thamostati kunaweza kulifanya gari lichemke. Katika injini nyingi za Toyota, thamostati ina vali mbili. Ya kwanza inapofungua njia ya rejeta, ya pili inaziba njia ya mkato inayoyarudisha maji ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiing'oa, njia ya mkato inabaki wazi daima. Siku ya mzigo mzito na mchanga mzito, sehemu ya maji ya moto haipozwi kabisa.

Shemeji kanyamaza, kisha akasema, "Sasa walikuwa wananiponya au wananiua?" Nikamwambia walikuwa wakiondoa dalili. Gari lililokuwa likichemka lilikuwa na ugonjwa wake, na ugonjwa huo bado haujatafutwa.

Jumapili, 9 Februari. Mokowe

Tumelifanya gari uani kwa shemeji, injini ikiwa baridi kabisa. Hili la baridi nalisisitiza. Mfumo wa gari una mgandamizo, maji yake yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka, na mtu akifungua kifuniko cha rejeta kwa pupa yanaruka usoni mwake. Kitambaa juu ya kifuniko hakitoshi. Subira ndiyo inayotosha.

Tumekinga maji ndani ya beseni. Yalitoka ya rangi ya chai ya rangi. Shemeji amekuwa akijaza maji ya kisima, na visima vya huku vina chumvi na chokaa. Ugonjwa wa asili umejionyesha wenyewe: kutu na chokaa vilikuwa vikiziba rejeta, gari likachemka, na anayepaswa kusafishwa akaachwa, akaadhibiwa bawabu.

Thamostati yake hukaa nyuma ya altaneta, paipu ya chini inapoingilia kwenye injini. Tumelegeza mkanda, tukasogeza altaneta, tukafungua kifuniko. Kweli, kiota kilikuwa kitupu. Mpya tumeipima sufuriani: ilianza kufunguka kwenye 82. Pete yake ya mpira inavikwa ukingoni pande zote mbili, na kile kidude kidogo kinachochezacheza hukaa juu, maana ndiko hewa inakotokea wakati wa kujaza. Kikikaa chini, hewa inanaswa, na injini inapata donge la hewa mahali palipohitaji maji.

Tumesukutua rejeta na injini mpaka maji yakatoka meupe. Kisha kulanti nusu, maji yaliyotoneshwa nusu. Watu hudhani kulanti ni ya kuzuia barafu, kwa hiyo hapa haina kazi. Kazi yake kwetu ni kuzuia kutu, kuilainisha pampu, na kupandisha kiwango cha kuchemka. Anayekosa maji yaliyotoneshwa, maji ya mvua yaliyokingwa kwa usafi yanazidi ya kisima kwa mbali.

Kifuniko kikiwa wazi na hita ikiwa imewekwa kwenye moto, tumeiacha injini ikinguruma mpaka bubujiko la hewa likaisha na paipu ya chini ikapata joto ghafla. Hapo vali imefunguka. Tukaongeza maji yaliyopungua, tukafunga. Geji imepanda mpaka chini kidogo ya katikati, ikatulia hapo.

Jumapili, 23 Februari. Lamu mjini

Jioni nimekaa na mpwa wangu kuzungumzia maji ya kuoshea mashini. Kila kitabu cha mashini kinasema: baada ya safari ya baharini, isukutue kwa maji matamu. Waliokiandika wana mfereji nyuma ya nyumba. Sisi maji matamu ya mji yanatoka visima vya Shela, chini ya vilima vya mchanga, na huko Ndau na Kizingitini watu wanategemea majabia yanayokinga mvua. Kaskazi ikirefuka majabia hukauka. Sithubutu kumwambia mtu wa Ndau amimine maji ya kunywa ndani ya chuma wakati watoto wana kiu.

Lakini njia ipo. Kisima cha nyumbani kwa dada kina maji ya chumvichumvi, hayanyweki wala hayapiki chai, ila chumvi yake ni ndogo mno ukilinganisha na bahari. Hayo yanatosha kuondoa maji ya bahari kabla hayajakauka ndani ya mashini. Tumeweka pipa juu ya ukuta, na hosi inayoingia kwenye tundu la kusukutulia. Mashini ikiwa imezimwa, maji yanashuka kwa uzito wake mpaka mkojo unatoka usio na ladha kali. Kijana anauonja kwa ncha ya ulimi, ndiyo kipimo chetu.

Asiye na kisima asukutue angalau siku boti inapokwenda kulala muda mrefu. Mashini inayokwenda kila siku huharibika taratibu. Iliyozimwa na bahari ndani yake ikaachwa wiki kadhaa ndiyo inayogandisha chokaa na kushika bolti.

Jumamosi, 15 Machi

Ramadhani. Abiria wote wanataka kuwa majumbani kabla ya futari, kwa hiyo safari za alasiri ni za haraka na zimejaa. Mashini haijalia king'ora tena. Wiki hii nimefungua kifuniko cha thamostati kukagua: bolti zimetoka kwa mkono mmoja kwa sababu ya grisi, vali ni safi, zinki imeanza kuliwa kidogo, ndiyo kazi yake.

Shemeji amenitumia salamu kwamba petroli imepungua na gari linavuta vizuri zaidi asubuhi. Ameacha kujaza maji ya kisima. Amemwambia pia mwenzake mmoja wa njia ya Witu, ambaye naye aling'olewa thamostati, na sasa wanapanga kuirudisha.

Namalizia ukurasa huu kwa ajili ya mpwa wangu, kwa kuwa daftari hili litakuwa lake. Mashini ikichemka, fuata njia ya maji kutoka chini kwenda juu: wavu, impela, thamostati, kichwa. Usiuamini mkojo peke yake. Pima thamostati sufuriani, ya zamani na mpya pia. Ifungue kila kaskazi inapoanza, hata kama haijakusumbua, uibadilishe ikichelewa kufunguka. Weka moja ya akiba ndani ya boti pamoja na gasketi yake. Na mtu yeyote akikwambia uitupe kwa sababu nchi yetu ina joto, mjibu kwa adabu kwamba injini ina joto lake linalolitaka, na thamostati ndiyo inayolilinda. Kama inachemka, tafuta kilichoziba. Thamostati haitupwi.